Siku Niliyombatiza Mama Mkwe

Ndugu zangu wachungaji vijana,

Siku ile ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono, mkaniambia, "Tata Pasta, sasa ikala, pumuzika." Nimekaa. Wiki ya tatu hii nimekaa, na mke wangu Ngoie amechoka kuniona. Juzi alinipa daftari na biki, akasema kama siendi shambani basi niandike kitu, maana haifai mwanaume mzima ashinde kwenye veranda akihesabu pikipiki zinazopita kuelekea soko la Kamina. Kwa hiyo msidhani ni Roho aliyenisukuma kuandika. Ni Ngoie.

Kwenye sherehe ile mmoja wenu aliniuliza katika miaka yangu yote ya kazi nimebatiza watu wangapi. Sikumjibu, mkadhani ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu, na habari yake haisimuliki mtu akiwa na paja la kuku mkononi. Nitaisimulia hapa polepole, pamoja na mambo machache ya kazi yanayoweza kuwasaidia. Vyeo nitaviruka. Naandika kwa Kiswahili cha kanisani, kile cha kuvaa Jumapili, lakini watu wenyewe nitawaacha waseme chao cha hapa kwetu.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alitoka Kindu, mama alitoka Dilolo, wakakutana Kamina kwa sababu treni za pande zote hukutana Kamina. Katika site, yaani mtaa wa wafanyakazi wa reli, jirani wa kulia walikuwa watu wa Kasai, wa kushoto Wabemba, wa mbele mtu wa Kongolo, na sisi watoto tulisema Kiswahili tu, tukila katika nyumba yoyote iliyokuwa na bukari, ugali wetu, mezani. Katika Kiluba, lugha ya wenye nchi, nilijua salamu moja na matusi mawili. Jina langu ni Ramazani. Huko kwa baba yangu jina hilo Mkristo analibeba bila shida, lakini huku, kila kijiji nilichoingia na Biblia kwapani, watu waliniuliza kwa upole kama nimepotea njia.

Nilipomaliza shule ya Biblia kanisa lilinituma kwa wakulima, katika vijiji vilivyo mbali na reli, mwendo wa siku nzima kwa kinga. Ninyi mnasema baiskeli. Sikujiandaa hata kidogo. Niliwaza: naenda wapi? Si hapa hapa nyumbani? Mwenzangu aliyetumwa nchi nyingine alisoma vitabu, akauliza maswali, akachanjwa. Mimi nilijaza upepo kwenye magurudumu tu. Nawaambia wazi, mtu anayetumwa karibu ndiye anayeumbuka zaidi, kwa sababu hana woga.

Vifaa vyangu vilikuwa hivi: kinga yenye kariya ya chuma, mipira miwili ya akiba, pampu, sanduku la bati, Biblia ya Kiswahili na ya Kiluba, joho jeupe la kubatizia, na viatu vyeusi vya ngozi alivyonipa baba siku ya kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Viatu vile vilikufa mwezi wa pili, kimoja kwenye tope na kingine kwa huzuni. Chukueni buti za plastiki na sapatu. Mtu wa kijijini haangalii viatu vya mchungaji, anaangalia kama mchungaji anakula sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya nyumba ile aliyokaribishwa au anaichezea tu kwenye sahani.

Aliyenipokea ni mwinjilisti Kasongo. Alikuwa amehubiri katika vijiji vile tangu mimi sijazaliwa, akiwa na koti moja la kijivu ambalo hakulivua hata kwenye jua la Oktoba. Mambo yote ya watu wale aliyajua, na hakuandika hata moja. Ndiye mwalimu wangu, na nitamshukuru hadi nife, ila alikuwa na tabia moja: alikusahihisha baada ya mambo kuharibika. Siku moja nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakunionya mapema. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye njo ulikuwa unasema," akajibu. "Minyi ningeingilia wapi?"

Jumapili yangu ya kwanza nilikuta kanisa la matofali mabichi na paa la nyasi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na wanawake kadhaa wazima walikuwa nje kabisa, nyuma ya ukuta, wakisikiliza kupitia dirisha huku wamegeuza migongo. Moyo uliniuma. Kanisani kwetu kwenye site, jamaa nzima hukaa benchi moja, bibi mzaa mama hadi mtoto wa kunyonya. Nikaona: hawa watu wana mafarakano. Nikasimama, nikaamuru kwamba kuanzia leo kila jamaa ikae pamoja, mume, mke, watoto, na wazazi wa pande zote mbili, na walio nje waingie. Kasongo alitafsiri neno kwa neno, uso wake haukutikisika.

Watu walitazamana. Mzee mmoja mwenye heshima zake akajifunika uso kwa kofia, akatoka kwa dirisha. Wanawake wakavuta vitambaa kichwani, wakatoka mlangoni kinyumenyume. Vijana waliooa wakaruka mabenchi. Kabla sijafungua Biblia, kanisani tulibaki mimi, Kasongo, na wachuuzi watatu wa samaki kutoka Bukama waliokuwa wanajikinga jua. Niliwahubiria hao watatu kwa saa nzima.

Basi nikajua kwamba mafarakano ni makubwa kuliko nilivyodhani. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya upatanisho, nikahubiri vizuri hata mimi mwenyewe niliguswa, na mwishoni nikaamuru kila mwanaume amwendee mama wa mke wake, ampe mkono na kumkumbatia mbele ya wote. Hapo hata Kasongo alikohoa kabla ya kutafsiri. Jumapili ya tatu hakuja mtu, isipokuwa wale wachuuzi wa samaki, ambao sasa walikuwa sita, kwa sababu walikuwa wamewasimulia wenzao.

Ndipo Kasongo akanikalisha chini. "Pasta," akasema, "huku kwetu mwanaume na mama ya bibi yake habaonanaka." Akanieleza: mama wa mke wako humtazami usoni, huli mbele yake, humgusi, humpi mkono. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Nikauliza ni chuki gani hiyo. "Haiko chuki. Njo eshima. Ule mama njo alikuzalia bibi. Utamuzoea namna gani?" Nikauliza inaisha lini. Akasema kwa wengine kuna zawadi za kuiondoa, lakini kuna mama wanaozikataa, na kwa hao inaisha siku ya kaburi. Mwezi mzima nilipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, na katika kila nyumba walinisamehe vizuri, halafu nilipotoka nikawasikia wakicheka hadi mtaa wa pili.

Kisha nikaoa huko huko. Ngoie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulijuana kwa sababu alicheka Kiluba changu katikati ya wimbo, mimi nikiwa mbele. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake aliitwa Mama Banze, mjane mwenye shamba la mihogo kubwa kuliko yote ya kijiji, na sauti ya kuita watu kutoka mwisho wa shamba hilo bila kutembea. Marehemu mume wake alikuwa Mkatoliki kama ukoo wake wote tangu mababu. Mapadri walikuja na kwenda, na Mama Banze aliwaambia wote kwamba yeye bado anafikiri.

Sasa mimi niliyewacheka moyoni, nikawa mmoja wao. Nilipomwona kwa mbali nilijitupa majanini na kinga yangu. Mara moja niliangukia kwenye siafu, nikakaa humo kimya hadi apite, kwa sababu ya heshima. Tukihitaji kuambiana jambo, Ngoie alitupelekea maneno, na Ngoie akiwa shuleni tulitumia njia nyingine. Mama Banze alikaa nyuma ya nyumba, mimi mbele, na yeye akawaambia kuku wake, "Nyinyi kuku, ambieni ule muntu kama mahubiri ya leo ilikuwa murefu sana." Na mimi niliiambia kinga yangu kwamba nimesikia, na kwamba nitajirekebisha. Mambo ya maana kabisa ya nyumba yetu, majina ya watoto, ugonjwa, mbegu za mahindi, tuliyapanga hivyo.

Huyu mwanamke, ambaye mapadri walimngoja miaka, alimpokea Bwana kwa mahubiri yangu. Alikuwa nyuma ya ukuta, mgongo kwenye dirisha, akichambua karanga. Baada ya ibada alimwita Kasongo, akamwambia amemaliza kufikiri. Kasongo alipokuja kuniambia nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu tukatazamana, na furaha ikapungua taratibu.

Mnajua namna tunavyobatiza sisi. Mchungaji aliyewekewa mikono anasimama mtoni, anamshika mtu shingoni kwa nyuma, mkono mwingine juu ya mikono yake, anamzamisha mzima mzima, na kumwinua. Yaani yote ambayo mila inakataza, kwa wakati mmoja, na nguo zimelowa. Na katika eneo lile lote mchungaji mwenye ruhusa ya kubatiza nilikuwa mimi peke yangu. Bila ubatizo hakuna Meza ya Bwana, hiyo ndiyo kanuni yetu. Mama Banze aliitaka Meza ile. Kila mwezi, wakati wa kugawa mkate, Ngoie aliniambia mama yake anaacha karanga, ananyamaza kule nyuma ya ukuta, na wengine wakitoka anawauliza mkate una ladha gani. Iliniuma sana. Watu wote nilikuwa nawafungulia, na huyu mmoja nilikuwa nimemzibia mlango mimi mwenyewe.

Nilituma zawadi za kuondoa mwiko, kuku na vitenge viwili, kwa mkono wa Kasongo. Zikarudi siku hiyo hiyo. Alisema binti yake ameolewa kwa heshima kamili, na kama yeye mama ataanza kuzoeana na mkwe kwa sababu ya kuku mmoja, kesho nani atamheshimu Ngoie? Ngoie naye alisema mama ana haki, na kwamba kuku mwenyewe alikuwa mwembamba.

Basi tukaomba mchungaji mwingine aje kubatiza. Wa kwanza alingoja treni kwenye gari la Kamina siku mbili, treni haikuja, akarudi kwake. Hapa kwetu stesheni tunaiita gari, mnajua. Wa pili alikuja kiangazi, akakuta mto umekauka hadi kwenye vifundo vya miguu, akasema hawezi kumbatiza mtu kwa mafungu. Wa tatu alikuja wakati mzuri, maji mazuri, watu tayari, wimbo umeanza. Alipokuwa anasalimia wazee, kwa adabu tu, akataja ukoo wa mke wake. Wazee wakaanza kuhesabu undugu kwa vidole. Mke wake alikuwa mtoto wa dada yake Mama Banze, na kwa Waluba mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Yule mchungaji alikuwa mkwe kama mimi. Aliruka nyuma ya mti na Biblia yake, na jioni hiyo tulikula chakula cha ubatizo bila ubatizo.

Miaka ikapita. Mama Banze alibaki mwanafunzi wa ubatizo. Kasongo alipozeeka macho, yeye ndiye aliyefundisha darasa lile, akikariri kila swali na kila jibu. Aliowafundisha walibatizwa, wakaoana, wakazaa, watoto wao wakakua, wakaja kwake kufundishwa, nao wakabatizwa. Kila Pasaka aliwasindikiza hadi ukingoni, akawashikia nguo kavu, akarudi nyumbani. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Kwa kuku sijui.

Mwaka mmoja akaja Msimamizi wetu wa wilaya kukagua madaftari. Alikuwa mtu wa mji, mwenye miwani na haraka. Akakuta jina la Mama Banze kwenye orodha ya wanafunzi, akadhani karani amekosea. Nilipomweleza alikasirika. Akasema hiyo mila ni giza, na mchungaji anayeingia majanini kumkimbia mwanamke mzee analitia kanisa aibu. Akaamua: Pasaka inayokuja nitambatiza mimi mwenyewe mbele yake, la sivyo jina linafutwa, na darasa atapewa mwingine. Wakati huo Mama Banze alikuwa ameanza kukohoa, na kila mvua ilimwacha mnyonge kidogo kuliko mvua iliyotangulia. Nilijua, na yeye alijua, kwamba hakuna Pasaka nyingi tena za kungoja.

Nilikwenda kwa Kasongo nikiwa na uchungu. Nilimwambia nikimgusa namvunjia heshima mbele ya kijiji kizima, nisipomgusa anafukuzwa kanisani, na kwa vyovyote vile ni mimi ninayemuumiza. Alifunga vifungo vya koti lake hadi kooni. Kisha akaniuliza, "Siku ya ndoa yako ulisoma nini?" Nikasema nilisoma kwamba mume na mke ni mwili mmoja. "Basi mukono ya Ngoie njo mukono yako," akasema. "Ao siku ile ulitudanganya?"

Mpango ukawa huu. Wanawake wawili watashika kitenge kikubwa katikati ya mto kama pazia. Upande mmoja mimi, nimegeuza mgongo, nitasema maneno. Upande wa pili Ngoie atamshika mama yake na kumzamisha kwa mikono ambayo ni yangu. Msimamizi alisikiliza akakunja uso kama mtu anayemeza kinini, akapekua kitabu cha kanuni mbele na nyuma, hakupata kifungu kinachokataza. Mama Banze aliletewa habari na Ngoie. Alijibu kwamba ni vema, lakini kitenge kiwe kipya.

Hapa nawapa somo la kazi, lishikeni. Mto upimeni asubuhi ile ile. Mimi niliupima kwa fimbo siku iliyotangulia, nikaweka alama, nikalala usingizi mzuri. Usiku mvua ilinyesha, mto ukajichimba upya chini, na alama zangu zikabaki zikionyesha mahali palipokuwa pazuri jana.

Kijiji kizima kilikuja. Wakatoliki walikuja, wakaacha hata misa yao ya Pasaka. Wachuuzi wa samaki walikuja na viti. Niliingia majini na joho langu, nikafika mahali pangu, nikageuza mgongo. Nikasikia wimbo, nikasikia maji yanapiga, nikajua ameingia. Kasongo, aliyekuwa haoni vizuri, akanipa ishara kutoka ukingoni, ingawa alikuwa ameielekeza kwa mtu mwingine. Nikainua mkono. "Banze, kwa kuwa umeungama imani yako mbele ya mashahidi hawa," nikasema polepole, kwa maana nilikuwa nimeyangoja maneno haya miaka ishirini na sita, "nakubatiza kwa jina la Baba." Nikarudi nyuma nusu hatua, na chini hapakuwa na kitu.

Mimi ni mtoto wa reli. Ulizeni juu ya mabehewa nitawajibu. Kuogelea sikufundishwa, na joho likijaa maji lina uzito wa gunia la chumvi. Nilikwenda chini nikishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kitenge kipya, nikaondoka nacho. Nakumbuka niliogopa kweli, nikawaza kuhusu watoto wangu, na nikawaza pia kwamba nimemwacha mama wa watu katikati ya sentensi. Nilipanda, nikaona mwanga, nikashuka tena. Ndipo mkono ukanikamata kwenye kola. Ulikuwa mkono uliozoea kung'oa mihogo. Ulining'oa mara moja, nikasimama, nikakohoa maji, nikafungua macho.

Alikuwa yeye. Ukingoni wimbo ulikatika. Wanaume wakageuka haraka kutazama msitu, wanawake wakajifunika midomo, na kitenge kilikuwa kinakwenda zake kuelekea Lualaba. Sisi wawili tulikuwa tumesimama uso kwa uso, maji kifuani, kola yangu mkononi mwake. Nilikuwa sijawahi kumwona usoni. Alikuwa na macho ya Ngoie, yale yale, na miaka yote ile sikujua.

"Njo weye huyu," akasema.

"Njo minyi, Mama."

Akanitazama kutoka kichwani hadi mahali maji yalipoanzia. "Niliwazaka uko murefu."

Msimamizi alikuwa anapiga kelele kutoka ukingoni kwamba niseme niko mzima. Ngoie alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi kwa Kiluba, na maneno yote yalikuwa yamekwenda na kitenge. Mama Banze alinitikisa kidogo. "Pasta," akasema kwa sauti ya chini, "umesha taja Baba. Bale bengine beko wapi?"

Nikasema, "Na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakungoja mkono wa mtu. Alishuka mwenyewe, mzima mzima, na kola yangu hakuiachia, kwa hiyo nilishuka naye. Tulipopanda tena aliniachia, akavuta kitambaa chake juu ya kichwa hadi puani, akanipa mgongo, akatoka majini akimwegemea binti yake, kana kwamba hajawahi kuniona maishani. Ndipo watu wakapiga vigelegele, na wachuuzi wa samaki walipiga kuliko wote.

Yaliyofuata yalikuwa ya kiofisi. Wazee walitaka kuku mmoja kwa kila upande kwa sababu ya kutazamana, tukatoa, na safari hii alikuwa mnene. Msimamizi alikaa na daftari la ubatizo mchana kutwa. Aliniuliza mara mbili ni nani hasa alimbatiza nani. Mwishowe katika safu ya mbatizaji aliandika jina langu, akaweka alama ya kuuliza kwa penseli, akasema ataifuta baada ya kusali. Daftari lipo kabatini, nendeni mkaangalie.

Sasa nitawaambia ya Jumapili iliyofuata, halafu nimwachie Ngoie biki yake. Ilikuwa Jumapili ya Meza. Nilikuwa sijui Mama Banze atafanya nini. Amebatizwa, ana haki ya mkate, lakini mwiko ulikuwa umerudi mahali pake pale pale mtoni, na mgawaji ni mimi. Niliwaza atabaki nyuma ya ukuta na nimtumie shemasi. Wimbo wa kwanza haujaisha, akaingia kwa mlango mkubwa, amevaa nguo nyeupe, ameshika kigoda chake. Akapita katikati ya watu hadi mbele kabisa, akaweka kigoda hatua mbili kutoka mezani, akakaa akiwaelekea watu, mgongo kwangu. Hubiri lote aliwatazama usoni. Tangu nianze kazi sikuwahi kuona kanisa ambalo hakuna mtu hata mmoja aliyesinzia.

Nilipobariki mkate nilishuka na sahani, nikasimama nyuma yake nisijue nimpe wapi. Kasongo aliinuka kutoka benchi lake kunisaidia, akapapasa hewa, lakini Mama Banze alikuwa amekwisha kujipanga. Alipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaiweka kiganja juu ya kiganja, wazi, namna tunavyopokea kitu kutoka kwa mtu tunayemheshimu. Katika mistari ya viganja kulikuwa na udongo wa shamba usiotoka kwa sabuni. Nikaweka kipande cha mkate pale, bila kumgusa.

"Mwili wa Bwana, Mama," nikasema.

Akafunga vidole, akauleta mkate mbele polepole, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Amina, mutoto yangu," akasema, akiwatazama watu.

Nilisimama pale na sahani mkononi, nikalia mbele ya kanisa lote. Halafu nikaenda kwa mtu aliyefuata.